Kifaru wa Dhahabu na Kina cha Sarafu

Mshairi wa pwani aitajapo dhahabu, aghalabu huitaja kwa mojawapo ya shughuli mbili: kumsifu mpenzi au kumwonya mwenye mali. Katika ya kwanza dhahabu ni kidani na kipini. Katika ya pili ni hadaa iliyowapumbaza waliokwisha kufukiwa. Shughuli zote mbili zina heshima yake. Kasoro ni kwamba dhahabu hiyo haina mchimbaji wala sonara. Huingia katika ubeti ikiwa imekwisha kung'arishwa, kana kwamba ilizaliwa kisandukuni.

Kuna kifaru mmoja anayeifichua kasoro hiyo, naye urefu wake hautimii shubiri. Alitoka Mapungubwe, kilima cha Afrika Kusini kilicho karibu na makutano ya mito Limpopo na Shashe, makao ya watawala katika karne ya 13. Makaburi ya kilimani yalipofukuliwa kuanzia mwaka 1932, alikutwa pamoja na bakuli, fimbo ya enzi na ushanga wa dhahabu kwa maelfu. Sonara alichonga mnyama wa mti, akamvika dhahabu iliyofuliwa hadi ikawa nyembamba kama jani, akaipigilia kwa misumari midogo ya dhahabu hiyo hiyo. Mti umeoza, ngozi imebaki. Tungo za mawaidha zimezoea kusema kinyume chake: pambo la nje hupotea, la ndani hudumu.

Kifaru wa Afrika ana pembe mbili. Huyu ana moja. Wapo waliotaka kumnasibisha na Bara Hindi kwa sababu hiyo. Hoja yenyewe ni nyembamba kuliko dhahabu yake, kwani sonara hakuwa akiandika kitabu cha wanyama, na umbo linaloonekana leo limeunganishwa kutokana na vipande. Lenye uzito ni matumizi yake. Dhahabu hii haikununua kitu. Ililazwa na mkubwa kaburini ili ukubwa wake usiishe.

Dhahabu nyingine ya nyanda za Zimbabwe ilishuka Sofala, ikapanda majahazi kuelekea Kilwa. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika habari za vumbi la dhahabu lililoletwa Sofala kutoka bara, akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu. Sarafu za Kilwa, nyingi zikiwa za shaba, zina jambo ambalo mpenzi wa ushairi hapaswi kulipita: upande mmoja una maneno ya kumtegemea Mola, wa pili una jina la sultani, na pande hizo mbili zina kina kimoja. Sarafu ni ubeti. Ili kuusoma wote ni lazima kuigeuza kiganjani. Tena sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan iliokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu, upande ule ule ilikotoka dhahabu. Mizani ya biashara hiyo mtu ajipimie mwenyewe.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir iliyalilia majumba ya Pate, na kilio chake hakina mfano. Yeye alisimama mbele ya magofu aliyoyajua. Lawama ni ya waigaji waliofuata, walioazima machozi yake bila magofu yake, wakaendelea kuomboleza vyombo vya matajiri pasina kuuliza vililipwa kwa jasho la nani. Kwa maombolezo ya namna hiyo bara hugeuka giza lisilo na watu, na pwani huonekana kama iliyojitajirisha yenyewe. Mfuaji wa Mapungubwe, aliyejua unene wa jani la dhahabu kwa ncha za vidole, hana nafasi katika ubeti wa aina hiyo. Wala mwanamaji wa Sofala hana.

Mwaka 2007 mifupa iliyochukuliwa Mapungubwe ilirudishwa kilimani na kuzikwa upya. Kifaru hakurudi nayo. Alibaki Pretoria, mikononi mwa chuo kikuu.