Walinzi wa Kilele cha Sauti
Katika harusi za Unguja, zikiwemo zile za Kiembe Samaki, mtaa ulio karibu na uwanja wa ndege, fundi mitambo huketi kando ya jukwaa, na kazi yake hutambuliwa pale tu inapoharibika. Mwimbaji wa taarab huanza kwa sauti ya chini, kisha huipaza ghafla, na kilele hicho, kisipodhibitiwa, hukwaruza masikio na huweza kuunguza spika. Kinga yake ni kompresa, yaani kifaa kinachopunguza nguvu ya sauti inayovuka kiwango kilichowekwa, kiitwacho kizingiti: kwa uwiano wa 4:1, sauti iliyokivuka kwa desibeli 8 hutoka ikiwa imezidi kwa 2 tu. Baada yake hufuata limita, ambayo kwa uwiano wa 10:1 au zaidi huwa kama dari ngumu. Ugumu umo katika milisekunde, kwa kuwa kompresa ikiwahi mno kubana huua mdundo wa ngoma ya dumbak, ikichelewa huacha kilele kipite, na ikikawia kuachia huififisha sauti ya ganuni, ala ya nyuzi, inayofuata. Msikilizaji anayerudi nyumbani akiwa ameyasikia maneno yote ya wimbo ana deni kwa mikono ya fundi huyo iliyotulia gizani.