Jina la Mtu na Kalamu ya Karani

Katika nchi yetu hakuna utungo ulio mfupi kuliko jina la mtu, wala hakuna utungo unaotamkwa mara nyingi zaidi. Shairi husomwa likawekwa, na methali hungoja wakati wake. Lakini jina huitwa asubuhi na jioni, mpaka siku ya mazishi ya mwenye jina, na mara nyingi hata baada ya hapo. Hata hivyo wahakiki wetu, ambao wameshughulikia kwa bidii tenzi, ngonjera na vitendawili, mara nyingi wamelipita jina kana kwamba ni alama tu ya kumtofautisha mtu na mwenziwe. Katika makala haya tunakusudia kulitazama jina kama kauli iliyotungwa. Tutauliza ni nani aliyeitunga, aliitunga kwa tukio gani, na alitaka nani aisikie. Mifano yetu tutaichukua hasa katika Ugogo, nasi tutaanzia Nzuguni, mashariki ya mji wa Dodoma.

Nzuguni ya leo ni mahali panapofaa kwa kazi hiyo. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, eneo hili lililozoea mtama, uwele na mifugo limepokea watu wa kila pembe ya nchi. Hapa pana viwanja vya Nane Nane, stendi kuu ya mabasi na soko kuu. Mwalimu wa hapa afunguapo daftari la mahudhurio asubuhi, hukuta Kulwa na Doto, pacha wa Kisukuma, wameandikwa jirani na majina ya Kigogo. Na chini yao Mwajuma aliyezaliwa Ijumaa, na Masika aliyezaliwa wakati wa mvua nyingi. Soko lenyewe lina jina la mtu: Job Ndugai, aliyekuwa Spika wa Bunge kuanzia mwaka 2015 hadi 2022. Job ni yule yule Ayubu wa Biblia, ila amekuja kwa tahajia ya Kiingereza. Ndugai ni jina la Ugogo. Katika maneno hayo mawili mna historia ya misheni na historia ya nyumbani, nayo yamekaa pamoja bila ugomvi.

Kosa la kwanza la msomaji wa majina ni kudhani kwamba akishapata tafsiri amepata maana. Tutoe mfano ambao kila mwanafunzi anapaswa kuujua. Baba yake Mwalimu Nyerere, Mtemi Burito wa Wazanaki, aliitwa Nyerere kwa sababu wakati wa kuzaliwa kwake viwavi walikuwa wameivamia nchi. Mtu akitafsiri tu, atasema kwamba jina hilo ni la mdudu mharibifu, na huenda akacheka. Lakini akiuliza habari ya tukio, atatambua kwamba watu wasiokuwa na kalenda ya karatasi waliandika mwaka wao ndani ya mtoto. Mwana wa mtemi huyo naye alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, siku ya mvua kubwa, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja baadaye, kwa ubatizo, mwaka 1943. Julius Kambarage Nyerere basi si jina moja. Ni kauli tatu za wasemaji watatu, nazo zinasimulia kanisa, mvua na viwavi.

Kwetu Ugogo desturi ya kuutia wakati ndani ya jina haikuishia kwa watu. Wazee waliipa majina hata miaka ya njaa. Njaa kuu iliyofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana, na kisha mvua kukosekana, huitwa Mtunya. Mzee aliyesema kwamba alizaliwa wakati wa Mtunya alikuwa ametoa tarehe iliyo sahihi kwa watu wake wote: baina ya mwaka 1918 na 1920. Karani aliyemwandikia kwamba tarehe ya kuzaliwa haijulikani ndiye aliyekuwa hajui.

Maana ya jina, zaidi ya hayo, hugeuka kwa kadiri ya masikio yanayolipokea. Mathias Mnyampala, mshairi wetu mkubwa aliyeishi kati ya mwaka 1917 na 1969, alikuwa mwana wa Ugogo huu huu. Ndiye aliyeandika kwa Kiswahili kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotolewa mwaka 1954. Yeye mwenyewe alibeba jina lenye mafunzo. Katika lugha kadhaa za kanda ya kati na ya magharibi, neno la jamii hiyo humtaja mtu mzima mwenye heshima na madaraka. Kiswahili kililipokea neno hilo katika misafara ya wapagazi likawa mnyapara. Na katika mashamba ya mkoloni mnyapara akawa msimamizi aliyeogopwa. Basi jina lililo heshima mbele ya wazee wa nyumbani laweza kusikika kama karipio katika shamba la mkonge. Msomaji asiyeuliza jina linasikilizwa wapi atamhukumu mwenye jina kwa kosa asilolitenda.

Tuje sasa katika jambo ambalo limeleta mageuzi makubwa kimya kimya. Zamani jina la pili la mtu lilikuwa la baba yake, na la tatu la babu. Kizazi kimoja kilipopita, mnyororo ulisogea. Siku hizi jina la mwisho limeanza kusimama mahali pamoja, likawa la jamaa nzima. Marehemu Dakta Mwele Malecela, aliyepata kuiongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na aliyefariki mwaka 2022, alikuwa binti wa John Samuel Malecela, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 1990 hadi 1994. Kwa mnyororo wa zamani jina lililofuata Mwele lingekuwa John. Lakini lililotangulia mbele ya dunia ni Malecela.

Tazama pia nyumba ya Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na marimba, aliyefariki mwaka 2003. Baba aliitwa Hukwe; binti yake mwimbaji anaitwa Pendo, kwa Kiswahili; na mjukuu wake mwimbaji anaitwa Leah, kutoka Agano la Kale. Lugha tatu katika vizazi vitatu, na wote wameshikwa na neno moja, Zawose. Hapa hatuoni upotevu wa utamaduni. Twaona jamaa iliyobadili utungo wake kwa kila kizazi, huku ikihifadhi kiitikio. Tena yafaa kutambua kwamba wanaokishika kiitikio hicho ni wanawake. Kwa maana katika mnyororo wa baba na babu, mama hakuwa na nafasi yake hata moja. Anayeusifu mnyororo wa zamani akumbuke na hilo.

Lakini utungo wowote waweza kuharibiwa na mnakili wake, na hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Wamisionari walipoiandika lugha ya Kigogo waliitumia herufi c pekee kwa sauti ambayo Kiswahili huiandika ch. Ndiyo sababu Malecela huandikwa hivyo na kutamkwa Malechela. Na mgeni asiyejua huweza kulitamka vinginevyo kabisa. Mwanzoni mwa kazi yetu, katika ofisi moja ya umma, alikuja mzee mmoja kuandikisha mtoto wake. Jina la mzee lilianza kwa herufi hiyo ya c. Tukaandika ch. Mzee, ambaye alijifunza kusoma kanisani, akainama juu ya meza akasema, "Mwanangu, hilo si langu." Tukamjibu kwa kiburi cha ujana kwamba Kiswahili sanifu ndivyo kinavyotaka. Akanyamaza, akaweka dole gumba, akaenda zake.

Ilipofika mwaka 2019, laini za simu zikiandikishwa upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, alikuja mwanamke mmoja akiwa na karatasi zake mkononi. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na ch. Cheti cha shule kilikuwa na c, kama alivyofundishwa na baba yake kuandika. Alikuwa amekwisha rudishwa mara mbili, akaambiwa ale kiapo kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja. "Baba," alituuliza, "mwandiko huu ni wa nani?" Tuliutambua. Ulikuwa wetu. Tulimweleza ukweli, tukamsaidia kuandika kiapo. Lakini baba yake alikuwa amekwisha kufa, na neno la kumwomba radhi halikuwa na pa kwenda.

Wapo ndugu watakaosema kwamba dawa ni kuyafuta majina ya kigeni yote na kurudi kwenye ya asili. Njia hiyo ilijaribiwa na jirani zetu. Mwaka 1972 Joseph-Désiré Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko, na wananchi wa Zaire wakaamriwa kuyaacha majina ya Kikristo. Jina lililotungwa kwa amri, hata likiwa la Kiafrika, lina msemaji mmoja tu, naye ni dola. Mzazi amenyang'anywa kalamu.

Wapo wengine wasemao kwamba majina kama Shida, Tabu, Mashaka na Majuto yafutwe kwa kuwa yanaleta mkosi. Hao nao wanasoma tafsiri bila tukio. Tabu mara nyingi ni mtoto aliyezaliwa kwa tabu akapona, na mama yake akataka jambo hilo lisisahauliwe. Lakini hatusemi kwamba kila jina la mila ni jema. Mzazi aliyemwita mtoto kwa neno la kumsuta jirani, au la kumlaumu mkwe, ametunga kauli kali na kumpa asiyehusika aibebe maisha yake yote. Mtoto si njia ya kupitishia ugomvi wa watu wazima. Utungo wa namna hiyo tuuhukumu kuwa ni mbaya, na mwenye jina akitaka kulibadili kwa njia ya sheria, asizuiwe wala asichekwe.

Basi tunawaomba walimu jambo moja lililo jepesi. Kabla ya kusahihisha jina la mwanafunzi, mwambieni aende nyumbani akaulize: nani alinipa jina hili, kulikuwa na nini siku hiyo, na nyumbani huandikwaje? Majibu ayaandike katika daftari lake la Kiswahili, kama aandikavyo habari za shairi. Fomu za Serikali zina nafasi tatu tu za jina; hazina nafasi ya ukoo, wala ya mwiko wa ukoo, wala ya mvua iliyonyesha usiku ule. Nafasi hiyo ni ya shule na ya nyumbani. Na ninyi wanafunzi ambao kesho mtakuwa makarani, mwananchi atakapoinama juu ya meza yenu na kusema, "Hilo si langu," wekeni kalamu chini kwanza, mmsikilize.