Tafsiri ya Padri Dale na Sadaka Zilizoilipia

Tunataka kukizungumza kitabu kinacholaumiwa zaidi kuliko kinavyosomwa: tafsiri ya Qur'ani ya Padri Godfrey Dale wa misheni ya UMCA, Unguja, iliyochapishwa London mwaka 1923 na shirika la SPCK. Ndiyo tafsiri kamili ya kwanza kwa Kiswahili.

Makosa yake masheikh wetu wameyaeleza tangu zamani. Kubwa lao ni nia. Padri hakufasiri ili Qur'ani ifuatwe, bali ili walimu wa Kikristo wajue Waislamu wanaamini nini na wawajibu vipi. Maelezo aliyoyaambatanisha yanaelekea huko huko. Msomaji anayetafuta ufafanuzi wa aya hukutana na mjadala. Lugha yake, kwa insafu, si ya mtu mvivu.

Lisiloulizwa ni nani aliyelipa. UMCA ilizaliwa kutokana na mwito alioutoa Livingstone Cambridge mwaka 1857, ikaishi kwa sadaka za makanisa ya Uingereza. Tangu 1883 jarida lake, Central Africa, liliwapelekea wachangiaji habari za Unguja, Magila na Masasi. Watoto nao walikuwa na gazeti lao, African Tidings. Wamisionari hawakuwa na mshahara, ila posho ya kujikimu. Basi mtu wa kijijini Uingereza, asiyewahi kuiona bahari yetu, alitoa peni yake ili padri akae miaka akisoma lugha za watu, kisha aandike kitabu ambacho mtoaji mwenyewe hawezi kukisoma.

Wako ndugu ambao wakisikia haya husoma aya ya 36 ya Surat al-Anfal, juu ya makafiri wanaotoa mali zao kuzuilia njia ya Mwenyezi Mungu, wakaona maneno yamekwisha. Wafasiri wengi wameitaja aya hiyo kwa mali ya Makureshi iliyoandaliwa kwa ajili ya Uhud. Ni kweli inaeleza mwisho wa mali ile. Lakini haimpi udhuru Muislamu aliyefumba mkono wake!

Tazameni miaka. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (Allah amrehemu) alitoa As-Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 huko Mombasa, akaanza na tafsiri. Akafariki 1947 bila ya kuikamilisha. Makadiani wakachapisha yao 1953. Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ikatoka kamili 1969, miaka 46 baada ya Dale. Wanazuoni hawakukosekana Unguja, Lamu wala Mombasa. Mali nayo ilikuwepo, maana wakfu za Unguja zilikuwa nyingi hata ikaundwa Kamisheni ya Wakfu mwaka 1905. Ila wakfu zetu kwa sehemu kubwa ziliwekewa misikiti na jamaa, na mwenye kalamu akaachiwa mfuko wake mwenyewe.

Ama suala la kifiqhi, je, Muislamu achangie misheni? Imamu Nawawi katika Minhaj amesema wakfu kwa ajili ya kuimarisha makanisa ni batili, na katika mlango huo huo amesihisha wakfu kwa dhimmi, mtu mwenyewe. Wengi hulishika la kwanza wakaliacha la pili. Jirani Mkristo mwenye njaa ukimlisha ni wema, na aya ya 8 ya Surat al-Mumtahana haikukataza; zaka tu ndiyo hapewi. Kuigharimia kazi ya kuwatoa watu katika dini yao ni mlango mwingine, nao haujuzu hata mwombaji akiwa rafiki.

Na kwa wanaouliza kama nakala ya Dale iwekwe katika maktaba ya madrasa: mwanafunzi aliyekwisha kuimudu Jalalayn na aisome, ajue yaliyosemwa. Anayeanza apewe ya al-Farsy.