Ufundi wa Kukeneka Mchaichai

Mchaichai ni nyasi ya kudumu yenye asili ya Asia ya kusini na kusini-mashariki. Katika mwambao wa kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo, huoteshwa nyuma ya nyumba, aghalabu pale panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, na mavuno yake huishia kwenye birika la chai. Harufu inayojaa jikoni wakati huo ni mafuta yenyewe yakitoroka na mvuke. Mkenekaji huunasa mvuke huo na kuupoza ili apate mafuta hayo.

Harufu hiyo hutokana zaidi na sitrali, ambayo kwa kawaida ni asilimia 65 hadi 85 ya mafuta. Sitrali peke yake huchemka kwenye nyuzijoto 229, joto la kuunguza jani. Lakini mvuke wa maji unapopenya kwenye majani, shinikizo la mvuke wa maji na la mvuke wa mafuta hujumlishwa, na vyote viwili huondoka pamoja kabla ya kufika nyuzi 100. Aliyewahi kuona mtambo wa gongo ameshauelewa mtambo huu nusu: pipa, moto, na bomba linalopita kwenye maji baridi. Ila hapa majani hukaa juu ya wavu, maji yanayochemka yasiyaguse.

Ustadi uko katika kujaza pipa. Majani hukatwa kiasi cha kiganja kutoka ardhini ili shina lichipue tena, na mkataji hufunika mikono, maana kingo zake hukata kama wembe. Hunyaushwa kivulini, hukatwakatwa, kisha hushindiliwa. Upande mmoja ukilegea, mvuke hupata njia ya mkato na kupanda hapo hapo, na majani mengine hubaki na mafuta yake. Yakishindiliwa kupita kiasi, mvuke hukwama. Mizani haisaidii hapa. Ni mkono uliozoea. Na malipo ni madogo: kilo 100 za majani mabichi hutoa kama gramu 200 hadi 500 tu za mafuta, rangi ya manjano, yakielea juu ya maji kwenye chombo cha kupokelea. Fundi hufungua koki ya chini, akayatoa maji na kubakiza mafuta. Makonyo ya karafuu ni kinyume, kwani mafuta yake ni mazito kuliko maji na huzama. Mafundi wa Kiwanda cha Makonyo, Wawi, karibu na Chake Chake, Pemba, hukeneka vyote viwili, hivyo hulazimika kujua tabia zote mbili.

Ufundi huu ni wa zamani kuliko mabomba ya kiwandani. Wanazuoni wa ulimwengu wa Kiislamu, Ibn Sina (980–1037) akiwa miongoni mwao, waliuendeleza, na huko Jebel Akhdar, Oman, mawaridi bado hukenekwa kwa kuni. Marashi ya mawaridi yanayonyunyizwa kwa mrashi katika harusi na maulidi za pwani ni ya ukoo huo. Mchaichai ulipata heshima yake baadaye: mwaka 1893 Wajerumani Ferdinand Tiemann na Paul Krüger waligeuza sitrali kuwa ayononi, yenye harufu ya maua ya vayoleti, na manukato yaliyokuwa ya matajiri yakashuka bei. Ayononi hiyo ilikuja kuwa pia malighafi ya kutengenezea vitamini A.

Matumizi ya leo ya mafuta ya mchaichai ni ya kawaida zaidi. Huko Unguja, wanawake wakulima wa mwani huyatia kwenye sabuni za mwani. Mafuta hayo hufukuza mbu, ingawa kwa muda mfupi, kwa hiyo chandarua kibaki palepale. Hayapakwi matupu, kwa sababu huwasha ngozi. Huchanganywa kwanza na mafuta ya nazi. Hewa na mwanga huyaharibu, basi chupa iwe nyeusi na ijazwe hadi shingoni. Makapi ya majani yaliyobaki pipani yakianikwa yakakauka, huwa kuni za kupikia pipa linalofuata, au matandazo ya shamba lile lile.