"Kurekebisha" au "Kubadili"? Uhakiki wa Istilahi za Mipango ya Injini ya Dizeli

Miongoni mwa maandishi ya ufundi yanayofasiriwa kwa Kiswahili yamo maelezo ya vifaa vinavyomwezesha mwenye gari la dizeli kubadilisha tabia ya injini yake kwa kuzungusha swichi tu. Kijitabu kimoja cha namna hiyo kilichotufikia kimeandikwa kwa lugha nyepesi, na sarufi yake haina dosari kubwa. Hata hivyo, istilahi zake tatu zastahili kuhojiwa: ya kwanza inachekesha, ya pili inapoteza, na ya tatu ina hatari.

Yafaa kwanza dhana yenyewe ielezwe. Katika injini ya dizeli mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, wala si kwa cheche ya plagi. Nguvu yake hutegemea hasa kiasi cha mafuta yanayopulizwa na nozeli, wakati yanapopulizwa, na shinikizo la hewa itokayo kwenye tabo. Zamani fundi aliyetaka kuongeza nguvu alishika bisibisi akageuza skrubu ya pampu. Lakini tangu mwaka 1997, gari la Alfa Romeo 156 lilipoingia sokoni likiwa na bomba la pamoja la mafuta ya shinikizo kubwa, kazi ya kupima mafuta katika magari madogo imezidi kukabidhiwa kompyuta. Kompyuta hiyo husoma safu za tarakimu: kwa mwendo fulani wa injini na mkanyago fulani wa pedali, toa mafuta kiasi fulani. Wako watu nje ya kiwanda wanaoziandika upya tarakimu hizo na kuziuza. Huko Marekani, wenye malori madogo yenye injini ya Duramax wamezoea kuweka seti tano kwa pamoja na kufunga swichi yenye nafasi tano: mathalani moja ya kubana matumizi ya mafuta, nyingine ya kuvuta tela, nyingine ya mashindano.

Istilahi ya kwanza ni "wimbo". Kijitabu chasema: "Chagua wimbo wa tatu kabla ya kupanda mlima." Asili ya kosa ni dhahiri. Kiingereza hutumia neno moja kwa wimbo na kwa hali ya injini iliyopangwa. Mfasiri ameshika maana ya kwanza aliyoikuta katika kamusi. Msomaji atanyoosha mkono kwenye redio.

Istilahi ya pili ni "ramani", nayo pia imechukuliwa neno kwa neno. Ramani huonyesha mahali palipo kitu. Tarakimu hizi huamuru kiasi. Kiswahili kina neno "jedwali", ambalo mwanafunzi hulikuta katika somo la hesabu, akajua kwamba husomwa kwa safu mlalo na safu wima. Ndivyo hasa kompyuta ya injini inavyosoma. Hapakuwa na haja ya kukopa sitiari.

Istilahi ya tatu, "rekebisho", ndiyo iliyotusukuma kuandika. Kurekebisha ni kukiweka sawa kilichoharibika au kilichokwenda upande. Anayesema "rekebisho la injini" ametoa hukumu kabla ya ushahidi: kwamba kazi ya kiwanda ilikuwa na kasoro, na kazi ya muuzaji imeiondoa. Lakini baadhi ya seti zinazouzwa huifunga vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, na kuifanya kompyuta isidai tena kichujio cha masizi kilichong'olewa. Mwaka 2020 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilikadiria kwamba malori madogo ya dizeli zaidi ya 550,000 yalikuwa yameondolewa vidhibiti vya moshi katika muda wa miaka kumi hivi. Hatuwezi kusema kwamba magari hayo "yalirekebishwa".

Wala hatusemi kwamba kiwanda ndicho chenye haki daima. Mwaka 2015 ilifichuliwa kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka katika magari yapatayo milioni 11 duniani programu iliyotambua gari linapopimwa, ikapunguza sumu ya moshi kwa muda wa kipimo tu. Kwa hiyo istilahi inayotakiwa ni ile isiyomsifu wala kumlaumu yeyote.

Madhara ya neno hili hayaishii kwenye karatasi. Mwandishi wa kanuni akiandika "ni marufuku kurekebisha injini," amemzuia fundi mwaminifu anayebadilisha nozeli mbovu. Mwalimu wa ufundi naye atashindwa kueleza kwa nini pistoni zimeyeyuka katika gari lililovuta mzigo kwa seti ya mashindano, ilhali kijitabu kimeziita seti zote tano marekebisho. Dereva hakuambiwa kwamba mafuta yakizidi chini ya mzigo, joto la moshi hupanda mno.

Wapo watakaosema kwamba neno la gereji, "kutuni", latosha. Hatulidharau, injini, pampu na nozeli zilikuja kwa njia hiyo hiyo. Ila "kutuni" hubeba kila kitu, tangu kusawazisha mngurumo wa injini iliyosimama hadi kuandika upya programu yake. Istilahi isiyotenganisha haijafanya kazi yake.

Kwa hiyo tunapendekeza:

(i) jedwali la injini: safu za tarakimu zinazosomwa na kompyuta;
(ii) mpango wa injini: jumla ya majedwali yanayotumika kwa pamoja;
(iii) mpango wa kiwandani, na mpango badala kwa ule ulioandikwa nje ya kiwanda ("mpango wa kando" tumeuepuka, kwa kuwa mitaani umekwisha kupewa kazi nyingine);
(iv) kubadili mpango: kuandika upya majedwali; na kuchagua mpango: kuhama kwa swichi kutoka mpango mmoja hadi mwingine;
(v) kurekebisha: libaki kwa matengenezo ya kilichoharibika.

Kwa istilahi hizo, kijitabu kile kingeweza kusema: "Mpango badala wa tano ni wa mashindano; usiuchague unapovuta tela." Sentensi hiyo haimtaki dereva ajue Kiingereza wala hesabu za juu, na yaweza kumwokolea injini. Maoni ya wafasiri, walimu na mafundi juu ya mapendekezo haya yatapokewa kwa shukrani.