Mchuzi wa Nyanya wa Kiitaliano Umetua Msambweni, na Nimeuonja!

Wapishi wa Kwale, kaeni mkao wa kula! Nimeupika mchuzi huu nyumbani Msambweni, kwa nyanya za sokoni Ukunda, kwenye jiko la gesi la kawaida, na tangu niuonje sijaacha kuusimulia. Nyanya kilo moja, siagi halisi gramu 70 hivi, yaani vijiko vikubwa vitano, kitunguu kimoja na chumvi. Basi. Hautaki bizari, hautaki dania, hata kitunguu thomu hautaki. Na ladha yake, masha'Allah, ni nyanya tupu iliyokolea mpaka unajiuliza hizi tulizokuwa tukila siku zote zilikuwa nini.

Mwenye mapishi haya ni Marcella Hazan, aliyezaliwa mwaka 1924 Cesenatico, mji wa wavuvi kwenye bahari ya Adriatiki. Alisomea sayansi hadi shahada ya uzamivu, akaolewa, akahamia New York, na ni huko ugenini alikojifunza kupika. Kitabu chake cha kwanza cha mapishi kilitoka mwaka 1973. Alifariki mwaka 2013, na hadi leo kuna watu wasiojua pishi lake jingine lolote ila wanaujua mchuzi huu kwa moyo.

Sasa sikilizeni jambo la kitunguu, maana hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Kinamenywa, kinakatwa nusu mbili, kinatumbukizwa sufuriani kikiwa kibichi. Hakikaangwi! Hakikatwikatwi! Mtu aliyelelewa Pwani, aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mchuzi huanza na kitunguu kugeuka rangi kwenye mafuta, mkono unamwasha kukishika kisu. Jizuie. Zile nusu mbili zitakaa humo zikitoa utamu wake polepole, na mwisho utazitoa. Usizitupe, tafadhali! Zimelainika na kunywa siagi. Zipondeponde juu ya chapati ya moto uone.

Kazi nyingine yote iko kwenye kuchagua nyanya. Hapa mpishi wa kawaida wa Ukunda ana bahati kuliko anavyodhani. Achana na zile ngumu zenye mabega ya kijani ambazo hupangwa mbele kwa kuwa zinavumilia safari. Tafuta zile ndefu za umbo la yai, aina kama Cal J au Rio Grande, zenye nyama nyingi na maji kidogo, zilizoiva hadi kwenye kikonyo. Jioni mama mboga hutenga fungu la zilizolainika, anataka ziondoke kwa sababu hazitalala. Hizo ndizo! Ondoa iliyooza au yenye ukungu, zilizobaki ni hazina, na utazipata kwa bei ya kupendeza.

Zichanje alama ya msalaba chini, zitie kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika, kisha kwenye maji baridi. Maganda yatabanduka yenyewe. Zikatekate, tia sufuriani pamoja na siagi, kitunguu na chumvi, acha wazi bila kifuniko, moto mdogo, dakika 45. Ukoroge mara moja moja, ukizibonyeza nyanya kwa mwiko.

Dakika za mwanzo zinatia wasiwasi, nawaambia kabisa. Unachokiona ni maji mekundu yenye mafuta yanayoelea. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na lazima yaondoke. Usiongeze moto! Ikikaribia nusu saa rangi inaanza kuiva, mchuzi unakuwa mzito, matone madogo ya siagi yanajitenga pembeni, na harufu inafika hadi barazani. Siagi inautuliza ukali wa nyanya vizuri kuliko sukari ambayo wengi wetu tumezoea kuitia. Majarini haifai hapa, wala vile vikopo vidogo vya nyanya ya kusagwa.

Na hapa ndipo ninapotaka kila mtu anisikilize: mrehani! Jani ambalo Waitaliano hulitia kwenye michuzi yao ya nyanya liko uani kwetu, limepandwa kwa ajili ya manukato, linashonwa pamoja na asumini kwenye vikuba vya arusi. Hazan hakuliweka kwenye mapishi haya, lakini mimi nilichuma majani machache, nikayachana kwa mkono na kuyatia moto ulipozimwa. Lo! Harufu ile ya harusini ikipanda kutoka sufuriani ni kitu ambacho sikukitarajia kabisa. Hii kwangu ndiyo zawadi kubwa ya pishi hili kwa mpishi wa Pwani. Ila usichume kivumbasi cha kufukuzia mbu. Hicho kina ukali mwingine.

Upande wa spageti ya kuliwa na mchuzi huu, sahau ulaini wa tambi za sukari za Ramadhani. Paketi ya gramu 500 inatosha kilo hiyo ya nyanya. Chemsha maji mengi yenye chumvi, itoe dakika moja kabla ya muda ulioandikwa kwenye paketi, kisha imalizie ndani ya mchuzi pamoja na upawa mmoja wa maji yake. Wanga uliomo kwenye maji hayo unaushikisha mchuzi kwenye kila uzi wa tambi. Majirani zetu Wasomali wanaijua spageti kwa miongo mingi tangu enzi za utawala wa Kiitaliano kule kwao, wakaipa viungo vyao na ndizi mbivu pembeni, na hakuna anayeiita chakula cha wageni tena. Mbona sisi wa kusini tuiachie Malindi na hoteli za Diani?

Tena Waitaliano wenyewe waliichukua nyanya kutoka Amerika. Kwenye maandishi yao inaonekana mwaka 1548, na mchuzi wa nyanya wa kwanza kuandikwa nchini Italia ni wa Antonio Latini, mpishi wa Napoli, miaka ya 1690. Ule wake ni nyanya zilizochomwa kwenye makaa, zikamenywa na kukatwakatwa na kitunguu na pilipili, kisha chumvi, mafuta na siki. Mpishi wetu wa kachumbari angemwelewa mara moja!

Mchuzi uliobaki niliupikia ngisi wa wavuvi wa Mkunguni. Vipande vyembamba, dakika mbili tu ndani ya mchuzi unaotokota, ndimu juu. Utamu ule unastahili makala yake. Kwa mkate wa mofa unafaa sana, kwa chapati hauna mfano. Kwa sima ni mwepesi mno. Hapo mchuzi wa nazi haujapata mpinzani.

Uamuzi wangu: tisa kwa kumi. Alama moja nimeipunguza kwa sababu siagi ni ghali, na ukiipunguza mchuzi unapungua nao. Kwa hiyo nenda sokoni jioni, dada yangu, kaka yangu, ulizia lile fungu la nyanya zilizoiva sana, na upike kabla mvua za masika hazijapandisha bei.