Kulifufua Gari la Theluji la Bombardier

B12 ni gari la theluji lililoanza kuundwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 huko Valcourt, kijiji cha jimbo la Quebec nchini Kanada. Mbele lina skii mbili zinazofuata usukani. Nyuma linabebwa na minyororo miwili mipana ya mpira na chuma. Bodi lake ni la plaiwudi, madirisha ya ubavuni ni ya mviringo, na injini imekaa nyuma, chini ya paa moja na abiria. Namba 12 inatokana na idadi ya watu liliokusudiwa kuwabeba, kama ilivyokuwa kwa B7 iliyolitangulia mwaka 1937. Machache yangali kazini: wavuvi wa Ziwa Winnipeg, katika jimbo la Manitoba, wameyatumia hadi karne hii kufikia nyavu zao juu ya barafu. Mengine yako kwenye majumba ya makumbusho, na mengine yamelala mabandani mwa mashamba yakingoja mtu mwenye subira.

Mtu huyo si lazima awe na kiwanda. Banda lenye sakafu ngumu, jeki mbili za kuaminika, mashine ya kuchomelea na zana za seremala vinatosha, na sababu yake iko katika asili ya gari lenyewe. Joseph-Armand Bombardier, aliyezaliwa karibu na Valcourt mwaka 1907, alikuwa fundi wa kijijini. Akiwa na miaka 15 alikwisha kufunga injini kuukuu ya Ford na rafadha ya mbao kwenye chombo cha skii na kukiteleza njiani. Mwaka 1926 alifungua gereji yake. Siku hizo barabara za mashambani Quebec zilizibwa na theluji miezi mingi. Wenye magari waliyapandisha juu ya magogo na kurudia farasi hadi masika. Majira ya baridi ya 1934 mwanawe Yvon, mtoto wa miaka 2, alifariki kwa ugonjwa wa tumbo uliohitaji upasuaji. Njia ya hospitali ilikuwa imefungwa na theluji, na chombo alichokuwa akikijaribu baba yake hakikuwa tayari.

Bombardier hakuanza kila kitu upya. Injini, gia boksi, difu na vitu vingi vya umeme alivichukua kwenye magari ya kawaida. Akili yake aliielekeza mahali pamoja, pale nguvu ya injini inapokutana na theluji: gurudumu la meno lililovikwa mpira, linalovuta mikanda ya mpira iliyofungwa vyuma vya kukingama. Hati ya uvumbuzi huo aliipata mwaka 1937. Ndiyo maana gari hili linakubali kufufuliwa nyumbani. Lilibuniwa na mtu wa gereji, kwa vipuri vya gereji, na fundi anayelifungua leo hukuta kila bolti imewekwa mahali ambapo mkono na spana vinafika. Kazi ngumu imebaki palepale ilipokuwa ngumu kwa mwenyewe: kwenye minyororo, na kwenye mbao.

Kabla ya kufungua chochote, gari hutazamwa. Mafundi wengi hukimbilia kulisafisha, na hapo hupoteza ushahidi. Matope yaliyokauka chini ya sakafu huonyesha maji yalikopitia. Alama ya mafuta kwenye difu huonyesha sili iliyochoka. Shimo la skrubu lisilo na kazi huonyesha kwamba palikuwa na kitu, labda benchi, labda kishikio cha machela, kwa maana magari haya yalibeba wagonjwa, barua, mizigo, mapadri na watoto wa shule. Kila upande hupigwa picha, kila kipande kikitolewa hutiwa alama, na bolti zake hurudishwa kwenye mashimo yake au hufungwa kwenye mfuko wenye jina. Gari likikaa vipandevipande kwa misimu mitatu, kumbukumbu ya fundi haitoshi.

Mbao huja kwanza, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha umbo ambalo vingine vyote vitafuata. Plaiwudi ni imara usoni na dhaifu ukingoni. Maji huingia kwa tabaka zilizo wazi, gundi huachia, na ubao hufura. Mahali pa kuanzia kutafuta ni sakafuni, hasa karibu na milango, ambapo theluji ya viatu vya abiria iliyeyuka safari baada ya safari. Mahali pa pili ni madirisha. Umbo la duara halina pembe ambayo ufa ungeanzia, na hilo ni jema, lakini maji yote ya kioo hushukia nukta moja, chini kabisa ya duara, na kukaa hapo. Fundi huchoma sehemu hiyo kwa bisibisi nyembamba. Ikizama bila kupingwa, kipande kizima kitakatwa, hata kama rangi ya nje bado inang'aa.

Ubao uliooza hautupwi mara moja. Ndio unaobeba vipimo, na bila huo mviringo wa pua ya gari na wa paa hubaki kubahatishwa. Unalazwa juu ya karatasi ngumu, unachorwa, na kielelezo kinakatwa na kujaribiwa garini kabla ya plaiwudi mpya kuguswa. Penye mpindo mkali, ubao mmoja mnene hautakubali. Hutumika mbao nyembamba kadhaa, zinazopakwa gundi ya kuzuia maji na kubanwa juu ya kalibu mpaka zikauke katika umbo linalotakiwa. Kingo zote hunyweshwa gundi nyepesi au vanishi kabla ya kufungwa. Hatua hii haionekani gari likikamilika, na ndiyo inayoamua kama bodi litadumu miaka 5 au 50.

Injini inaweza kutisha kwa kutu yake, lakini ni sehemu yenye msaada mwingi. B12 nyingi zilifungwa injini ya Chrysler ya silinda 6, ambayo vali zake ziko ubavuni mwa silinda badala ya kichwani. Injini za jamii hiyo ziliwekwa kwenye magari, malori na mashine za mashambani kwa miongo kadhaa, hivyo pistoni, ringi, beringi na gasketi bado hupatikana. Ikiwa imekwama, haivunjwi kwa nguvu. Plagi hutolewa, mafuta mepesi humiminwa kwenye silinda, na krenki hujaribiwa kidogokidogo kwa mkono kila siku, mbele na nyuma. Injini iliyokaa miaka mingi mara nyingi huachia yenyewe kwa kungojwa. Ikilazimishwa kwa stata, ringi hukatika na pistoni huchanika.

Kuna kipande kimoja cha injini hii ambacho mgeni hakijui na fundi mzoefu hakiachi. Ndani ya bloku, nyuma ya pampu ya maji, limesukumwa bomba bapa la bati linalopita karibu urefu wote wa injini. Lina matundu, na kila tundu huelekeza maji yaliyopoa kwenye viti vya vali za ekzosi, mahali penye joto kali kuliko pote. Bomba hilo huoza kimyakimya. Likishaoza, maji huishia silinda za mbele, na zile za mwisho huungua hata kama radieta ni mpya na pampu ni mpya. Kulitoa ni kazi ya ndoano ya waya mnene na uvumilivu: hushikwa mdomoni, huvutwa kwa nguvu ya wastani, hurudishwa ndani kidogo, huvutwa tena, na mara nyingi hutoka vipande vyekundu vya kutu pamoja na tope lililojikusanya chini ya njia za maji. Tope hilo huoshwa mpaka maji yatoke meupe. Fundi aliyefanya hivyo amelipa gari miaka mingi, na hakuna atakayeona alichofanya.

Kwenye umeme, kosa la kawaida ni nyaya. Magari ya zamani ya volti 6 huhitaji mkondo mara mbili ya ule wa volti 12 kwa nguvu ileile, kwa hiyo waya wa betri lazima uwe mnene. Anayefunga waya mwembamba wa gari la kisasa hupata stata inayozunguka kwa uchovu, kisha anaishutumu stata.

Minyororo ndiyo moyo wa gari hili, na ndiyo inayopima ufundi. Mikanda ya mpira yenye kitambaa ndani inazunguka magurudumu ya kubebea, na vyuma vya kukingama vimefungwa juu yake kwa bolti, kimoja baada ya kingine. Meno ya gurudumu la kuendeshea huingia katikati ya vyuma hivyo na kuvivuta. Mpira uliochoka huwa na nyufa ndogondogo kama udongo wa kiangazi, na nyufa zikifika kwenye kitambaa mkanda hauaminiki tena, hata ukiwa bado haujakatika. Bolti za zamani kwa kawaida haziwezi kufunguliwa. Hukatwa kwa msumeno wa umeme wa kusagia, na vyuma huwekwa kando kwa mpangilio wake. Vilivyopinda hunyooshwa baridi juu ya fuawe, vyote vikilinganishwa na kimoja kilichobaki kizima.

Mkanda mpya unaweza kukatwa kutoka mpira mnene wa mikanda ya kuchukulia mizigo migodini na viwandani. Hapo ndipo kipimo kinapokuwa kila kitu. Umbali kati ya chuma na chuma lazima ulingane na umbali wa jino na jino. Fundi asiyejua hutoboa tundu, kisha hupima la pili kutoka la kwanza, na la tatu kutoka la pili. Kila kipimo kina kosa lake dogo, na makosa hujumlishwa: nusu milimita ikirudiwa mara 40 ni sentimita 2. Mnyororo wa namna hiyo utapanda juu ya meno, utaruka kwa kishindo, na utachana mpira wa gurudumu. Njia sahihi ni kupima matundu yote kutoka nukta moja ya mwanzo, kwa utepe wa chuma ambao hausogezwi, na kutoboa kwa kielelezo cha chuma kilichopimwa na gurudumu lenyewe. Mikanda ya mnyororo mmoja nayo lazima iwe na urefu sawa kabisa, la sivyo vyuma hukaa mshazari na mnyororo huvuta upande mmoja.

Ni katika kazi hii ndipo akili ya Bombardier inapoeleweka kwa vidole. Theluji hushindilia popote panapoiruhusu, na ikishindiliwa huwa barafu. Magurudumu ya mwanzo yalikuwa na spoki, theluji ikajaa katikati yake, na baadaye yakawekwa ya sahani kamili. Mpira juu ya meno hujikunja kidogo kila jino linapoingia na kuachia, na barafu haipati pa kushika. Anayebadilisha mpira huo kwa chuma kitupu, kwa kudhani anaimarisha, huondoa kitu kilekile kilicholifanya gari litembee.

Rangi huleta swali la kiasi. Kukwangua tabaka kwa tabaka huweza kufichua maandishi ya wenye gari wa zamani, na kuyafuta yote ili bodi ling'ae kama la jana ni hasara isiyorudishika. Lililo bora ni kuacha kipande kimoja kilivyokutwa, mahali penye kivuli, na kupaka kwingine rangi iliyolinganishwa na tabaka la chini kabisa. Rangi za enzi hiyo zilikuwa na risasi. Hukwanguliwa zikiwa zimelowa, kwa barakoa, kamwe si kwa msasa mkavu ndani ya banda. Tahadhari hiyohiyo hufaa kwa bitana za breki na gasketi za kale zenye asbesto, ambazo hazipulizwi kwa upepo.

Injini huwashwa mara ya kwanza nje, au milango ya banda ikiwa wazi kabisa. Kwa kuwa injini ya B12 iko chumba kimoja na watu, kizuizi kati yake na viti hukaguliwa tundu kwa tundu na bomba la ekzosi hukaguliwa kiungo kwa kiungo. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua dereva kabla hajajua. Safari ya kwanza ni fupi, juu ya theluji tambarare. Baada ya mita mia chache gari husimamishwa, beringi za magurudumu hushikwa kwa mkono kuona iliyopata joto, na nati zote za minyororo hukazwa upya, kwa sababu mpira mpya hukubali kubonyea. Mnyororo uliokazwa mno hula beringi na nguvu ya injini. Uliolegea huruka meno kwenye kona. Mizani yake hupatikana kwa kujaribu, na hubadilika kadiri baridi inavyozidi.

Theluji ikiisha, gari hupandishwa juu ya stendi ili uzito usikae juu ya minyororo, na mvuto wa mikanda hulegezwa. Jua huupasua mpira, hivyo hufunikwa kwa turubai linalopitisha hewa, kwani la plastiki hufungia unyevu na kuozesha plaiwudi. Petroli hutolewa kwenye kabureta, tundu la ekzosi huzibwa panya wasijenge humo, na krenki huzungushwa kwa mkono kila baada ya wiki chache, mpaka majira ya baridi yarudi.